Nyumba Nzima Ijue Saa Yako

Chukua ratiba ya wiki ya mama yeyote mwaminifu wa usharika hapa Dar es Salaam, uitandaze mezani. Jumatatu kamati ya ujenzi. Jumanne mazoezi ya kwaya. Jumatano ibada ya katikati ya wiki, na ikiisha kuna watu wanaombwa wabaki kidogo. Alhamisi umoja wa wanawake. Ijumaa maombi, na mwisho wa mwezi mkesha. Jumamosi jumuiya alfajiri, nyumba kwa nyumba, kisha mazoezi tena kwa sababu kesho ni sikukuu ya mavuno. Jumapili ibada ya kwanza, ibada ya pili, mnada wa kuku na mikungu ya ndizi uwanjani, na kabla hujafika getini mwenyekiti anakushika mkono: "Mama, tuna kikao kifupi tu." Katika ratiba hiyo Mungu anatajwa kila siku. Anaimbwa, anahubiriwa, anachangiwa. Kinachokosekana ni dakika ambayo yeye na huyo mama wako wawili tu.

Mimi ni mmoja wa akina mama hao. Naimba sauti ya pili, natunza daftari la michango ya kikundi, na sina mpango wa kuacha hata kimoja, maana kanisa langu nalipenda. Ila nimechoka kusikia kila semina ikirudia kwamba adui wa muda wa faragha na Mungu ni dunia: tamthilia, mitandao, umbea. Vinachangia, sikatai. Lakini kwa mtu aliyekwisha kujitoa, anayeamka Jumamosi gizani kwenda jumuiya, mwizi mkubwa wa muda huo hakai baa. Amevaa sare ya kwaya na ana funguo za ofisi ya usharika.

Soma Marko sura ya 6 uone. Mitume wametoka kazini, na kazi yenyewe ni ya Mungu: wamehubiri toba, wametoa pepo, wamewapaka mafuta wagonjwa wakapona. Wanarudi kwa Yesu kutoa taarifa. Mwenyekiti wa kamati angesema, "Hongereni sana, sasa tupange awamu ya pili." Yesu anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Marko anataja na sababu: watu walikuwa wengi, wanakuja na kwenda, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Hawakuwa wamezama katika dhambi. Walikuwa wamezidiwa na huduma.

Na safari yenyewe ya mapumziko iliharibika, jambo ambalo hunifariji sana. Walipanda chombo, watu wakakimbia kwa miguu wakafika kabla yao, na siku ikaishia kwenye mikate mitano na samaki wawili. Yesu hakuwafukuza. Alifundisha, akalisha maelfu, akawaaga. Kisha, aya ya 46, akaenda zake mlimani kuomba. Miadi ilisogezwa mbele, haikufutwa. Ukiwa na watoto wadogo nyumbani utaelewa tofauti hiyo bila kuhubiriwa.

Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tulifundishwa habari hizi na UKWATA, umoja wa Kikristo wa wanafunzi shuleni, na waliofika chuo wakakutana nazo tena TAFES, ushirika wa wanafunzi wa vyuo. Tuliita quiet time, hata wale ambao Kiingereza cha darasani kiliwatoa jasho. Biblia, daftari, kalamu, saa kumi na moja alfajiri kabla ya kengele. Unasoma sura, unajiuliza: kuna amri ya kutii? Kuna ahadi ya kushika? Kuna dhambi ya kuacha? Unaandika, unaomba, unafunga daftari. Ulikuwa msingi mzuri na sitausema vibaya. Wapo watu wazima leo wanaoijua Biblia kwa sababu ya madaftari yale ya kurasa mia mbili.

Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba bweni ndilo lililokuwa likitubeba. Kengele ilikuwapo. Hakuna aliyekuwa akisubiri chai yako. Wenzako kitanda cha juu na cha chini walijua unafanya nini ukiwa umekaa na tochi, na hata wasiosali walikupita kimyakimya. Baadaye unahitimu, unapata kazi, unaolewa, unapanga chumba na sebule, mama mkwe anakuja kutibiwa na kukaa miezi, na ile tabia ya alfajiri inakufa bila mtu kuiua. Halafu mhubiri anapanda madhabahuni na kusema mtu wa Mungu huamka saa tisa usiku.

Mwanamke anayetoka Kimara kwenda mjini huamka saa kumi. Anaandaa sare, anachemsha maji, anasuka nywele zilizofumuka usiku, na saa kumi na moja na nusu yuko kituoni. Kumwambia aamke saa tisa ni kumwambia asilale. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Sijawahi kusikia aya hiyo ikihubiriwa kwenye semina ya maombi. Najua Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, Marko 1:35. Ni kweli na ni zuri. Lakini tumeigeuza saa moja ya siku moja ya Kapernaumu kuwa kipimo cha kiroho, na wasioiweza wanajiona Wakristo wa daraja la tatu. Wakishajiona hivyo, wanaacha kabisa.

Hebu nikupeleke mtaani kwetu kidogo. Kuna fundi cherehani ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la dawa. Mteja amekuja na haraka zake za harusi, amesimama juu ya kichwa cha fundi kama askari, na adhana ya adhuhuri inasikika. Fundi anashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, pale pale alipofikia, katikati ya mkono wa gauni. Anavua miwani na kuilaza kwenye kidroo cha bobini. Anachukua kopo la maji. "Ngoja kidogo, dada, nikaswali." Na yule dada, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anataka gauni lake sasa hivi, anavuta kigoda na kukaa. Fundi akirudi anainua ule mguu na mshono unaendelea palepale ulipoachwa.

Uchaji wa fundi ni wake na Mola wake. Kinachonishangaza mimi ni subira ya wateja. Mtaa mzima, Wakristo kwa Waislamu, unajua kwamba dakika zile si zetu. Hakuna anayenuna. Sasa mfikirie mama lishe Mkristo wa hapo jirani akiwaambia wateja wa mchana, "Ngojeni kidogo, nina miadi na Bwana." Watacheka, au watadhani amepata msiba. Si kwamba watu wanadharau sala ya Kikristo. Ni kwamba hawajawahi kuambiwa kuwa ina saa. Wakatoliki wana afadhali, maana ipo kengele ya Malaika wa Bwana kwa wanaoifuata bado, asubuhi, saa sita na jioni; na watawa wa Peramiho na Ndanda wamekuwa wakiacha karakana na mashamba kwenda kuimba zaburi tangu enzi za Wajerumani. Sisi Waprotestanti faragha yetu tumeifanya ya faragha mno, hata haina mlinzi.

Hapo mtu atanikumbusha Mathayo 6:6. "Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Sawa. Ila tazama Yesu alikuwa anapigana na nini: watu wanaosimama pembe za njia ili watazamwe. Anakataza maonyesho. Na wengi waliomsikiliza walikuwa maskini wa Galilaya, familia nzima chumba kimoja au viwili, pengine na mbuzi pembeni. Chumba chenye mlango wa kufunga mara nyingi kilikuwa stoo ya nafaka na mitungi. Basi wala yeye hakuwa akiwazungumzia watu wenye chumba maalumu cha maombi chenye zulia na kiyoyozi.

Halafu mtazame Danieli. Sura ya 6 inasema madirisha ya chumba chake yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, naye alipiga magoti mara tatu kila siku. Adui zake walipotaka kumtega hawakuhitaji mpelelezi. Walijua saa. Waziri mkubwa wa dola, mtu wa kazi nyingi kuliko mimi na wewe, na Babeli nzima ilijua huyu bwana saa fulani hapatikani. Alichomwambia Mungu ndani humo kilibaki chake. Saa ilikuwa ya wazi. Kwetu sisi, tunaoishi nyumba zenye watu, ambako mlango ni pazia na mgeni haombi ruhusa ya kuja, hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona ikifanya kazi. Saa yako ijulikane. Maneno yako yabaki siri.

Na saa yenyewe si lazima iwe alfajiri. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati ambayo wenzetu wengi wa lugha nyingine hawana: saa zetu na saa za Mitume ni zile zile, tunahesabu kuanzia jua lichomozapo. Matendo 3:1, Petro na Yohana wanakwea kwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa." Mzungu lazima aelezwe pembeni ya ukurasa. Wewe unajua mara moja: saa tisa alasiri, jua la kushuka, watu wanasinzia ofisini. Kornelio naye, yule akida wa Kaisaria, malaika alimjia saa tisa.

Ninayempenda zaidi ni Petro wa sura ya 10. Yuko Yafa, mgeni katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, kando ya bahari. Nyumba si yake, na harufu ya ngozi zilizolowekwa waweza kuiwazia mwenyewe. Yapata saa sita mchana anapanda darini kusali. Luka, ambaye alikuwa tabibu na hapitwi na mambo ya mwili, anaandika kwamba Petro aliona njaa sana, na kwamba chini walikuwa wakiandaa chakula. Kwa hiyo picha ni hii: mtu ugenini, juu ya paa, jua la utosi, tumbo linanguruma, harufu ya mboga na ya ngozi zinapanda pamoja. Hapo ndipo alipoonyeshwa ile shuka yenye wanyama wa kila namna, maono yaliyompeleka nyumbani kwa mtu wa Mataifa na kuwafungulia mlango watu wasiokuwa Wayahudi. Sisi sote tunaoitwa Wakristo huku kwetu tumo ndani ya sala ile ya kabla ya chakula cha mchana. Haikuwa alfajiri, haikuwa kimya, na hakuwa na chumba.

Mimi nimechukua mchana. Ofisi yetu iko Posta, na saa saba watu wanatawanyika kutafuta wali maharage. Nina robo saa kabla ya kula. Wenzangu wanajua, kwa sababu niliwaambia wazi, bila kunong'ona. Mtu akija kuniulizia wanamjibu, "Yuko sala, atarudi," kwa sauti ile ile wanayomjibia mwenzetu aliyekwenda msikitini. Hakuna aliyeniona mtakatifu. Mmoja aliniomba nimkumbuke mwanawe wa darasa la saba, basi.

Pale Posta tumejaliwa makanisa mawili makubwa yanayotazama bandari, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front letu la Kilutheri, yote ya wakati wa Wajerumani, yamesimama hatua chache kutoka moja hadi jingine. Nikikuta mlango uko wazi naingia. Nikikuta umefungwa nakaa kwenye benchi chini ya mti. Wala usidhani kuna ukimya. Boti za Zanzibar zinapiga honi, muuza karanga anachezesha sarafu mkononi, mtu anagombana na mtu kwenye simu kuhusu kontena. Nimeacha kuutafuta ukimya wa masikio. Ukiungoja huo Dar es Salaam utasali siku ya kuzikwa.

Simu inabaki kwenye droo. Wapo wanaosoma Biblia kwenye simu na wanaweza, siwahukumu. Mimi nikifungua Zaburi ya 27, nikifika aya ya nne, "Neno moja nimelitaka kwa BWANA," ujumbe wa kwaya unashuka juu ya aya yenyewe: "Wapendwa, mwisho wa kulipia sare ya Pasaka ni leo." Basi nabeba Biblia ya karatasi, ile ya zipu. Jalada limeanza kubanduka kwenye pembe, na kishikizo cha zipu kilikatika zamani, mahali pake pana kipande cha utepe wa zawadi. Ndani kuna bahasha ya ahadi ya mwaka jana, picha ya pasipoti ya mwanangu wa pili, karatasi ya noti za wimbo yenye alama za kalamu nyekundu, risiti ya kikoba, na programu ya mazishi ya mama mkubwa wangu iliyokunjwa mara nne. Sijaitoa hata moja. Ikianguka ile ya mazishi, namshukuru Mungu kwa ajili ya mama mkubwa na mikono yake iliyonuka vitunguu, kisha naendelea. Ikianguka risiti, namweleza habari za marejesho.

Nasoma zaburi moja, na nakaa nayo wiki nzima. Watu wakisikia hivyo wanauliza Biblia nitaimaliza lini. Kuna mpango wa kusoma yote kwa mwaka, ni mzuri, ufanye kama unaweza. Lakini kumaliza Biblia ni kazi, na kazi ninazo. Zaburi ya 131 ina aya tatu tu. Jumatatu nilidhani nimeielewa, Alhamisi ikaanza kunisema.

Baada ya kusoma ninanyamaza, na hapo ndipo pagumu kwa watu wa aina yetu. Sisi tumelelewa kuomba kwa sauti. Tunajua kukemea, kufunga na kufungua, kupokezana, kuinua mikono mpaka jasho. Kukaa mbele za Mungu bila kusema neno kunatutia wasiwasi, kana kwamba mkutano umekosa ajenda. Dakika ya kwanza mambo yanaingia: gesi imeisha, ada ya muhula, neno alilolisema wifi kwenye kitchen party, mbona mkuu wa idara hakuitikia salamu. Vitabu vingi vinasema uyafukuze mawazo hayo. Sijapata kuona aliyefaulu kuyafukuza. Waraka wa kwanza wa Petro unatuambia tumtwike yeye fadhaa zetu zote, na sasa fadhaa zimejileta zenyewe, kwa foleni, huhitaji kuzitafuta. Naitaja moja, naiacha pale, inakuja nyingine. Wifi huwa anarudi mara mbili tatu.

Siku nyingi hakuna kinachotokea. Nalisema hili kwa sababu ibada zetu zimejaa ushuhuda, na mtu akisikia "Bwana akaniambia" kila Jumapili, anakaa robo saa yake, hasikii kitu, anadhani laini imekatwa. Mimi sijawahi kusikia sauti. Sina ndoto za kusimulia. Mume wangu anasema nimepunguza kufoka jioni. Yeye ndiye anayefokewa, kwa hiyo sitabishana na shahidi.

Kuna siku pia unasinzia. Nendeni kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Tunakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu mlimani Horebu, tunaruka yaliyotangulia. Nabii amechoka hata anaomba afe. Analala chini ya mti. Malaika anamgusa, na ujumbe wa mbinguni ni: inuka, ule. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Anakula, analala tena. Malaika anamgusa mara ya pili: ule tena, safari ni ndefu. Hajahubiriwa wala kukemewa. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akikaa kusali na kichwa kikaanguka juu ya Zaburi, asijilaumu. Huenda amepewa alichokuwa anakihitaji.

Kwa asiyejua aanzie wapi, napenda njia ya Wamoraviani. Mwenzangu mmoja ofisini ni mtu wa Tukuyu, na kwao fungu la siku lilisomwa kabla ya chai, chai ikipoa ikapoa. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: kila siku aya moja, inapelekwa nyumba kwa nyumba kwa mdomo. Kitabu cha kwanza cha mafungu hayo kikachapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na vimechapwa mpaka leo. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wakaja na aya zao. Uzuri wake ni kwamba hujichagulii. Mtu anayejichagulia mafungu huishia kwenye yale yanayomsifu.

Lakini Herrnhut walifanya na jambo jingine, na ndilo linalonirudisha kwenye hoja yangu. Mwaka 1727, kabla ya mafungu, wanaume ishirini na wanne na wanawake ishirini na wanne waligawana saa za mchana na usiku, kila mmoja na saa yake ya kuomba, na mlolongo huo ukaendelea kwa kupokezana takriban miaka mia. Kijiji kile kilikuwa cha wakimbizi, mafundi na wakulima, watu wenye kazi zao. Hawakuacha kila mtu ajitafutie muda kimyakimya na kushindwa kimyakimya. Waligawana. Jirani alijua saa ya jirani.

Nyumbani tulikaa tukalizungumza, mimi, mume wangu, watoto na dada wa kazi. Mume wangu akachagua usiku, watoto wakishalala. Yeye ni mtu wa kukaa barazani gizani, tena bila mbu kumsumbua, neema ambayo mimi sikupewa. Siku za mapumziko, ambapo sina Posta, yangu ni saa kumi jioni chumbani, na kanga ikining'inia kwenye kitasa kila mtu anajua. Mtoto wa mwisho hupitisha vidole chini ya mlango. Hiyo tumeiruhusu.

Tulipokuwa tunamalizia, dada wa kazi akauliza, "Na mimi mama, yangu saa ngapi?"

Ni binti wa Njombe, amebatizwa na kupata kipaimara, anaimba vizuri kuliko nusu ya kwaya yetu. Swali lake ni zito kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Katika nyumba ngapi za Kikristo mjini hapa mama anafunga mlango aongee na Mungu, na mlangoni kuna msichana wa miaka kumi na tisa anayewazuia watoto, anageuza maharage na kuitikia hodi ili mama asisumbuliwe? Faragha ya mmoja inalipiwa na mwingine. Na Jumapili mama anakwenda ibada ya pili, binti anabaki na mtoto mwenye mafua. Maandiko hayatupi ruhusa hiyo. Amri ya Sabato, Kutoka 20, inamtaja mtumwa wako na mjakazi wako kwa jina la kazi zao, na Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu: wapate kupumzika kama wewe. Kama wewe.

Akachagua saa nane mchana, watoto wadogo wakiwa wamelala. Saa hiyo hatumwi. Nikiwa nyumbani, hodi naitikia mimi. Hatumuulizi anasoma nini, wala kama anasoma. Pengine analala, na tumekwisha kumtaja Eliya. Mama mkwe alipokuja aliona ajabu, akasema wasichana wa siku hizi wanadekezwa. Nikamjibu kwa adabu zote, "Mama, na wewe tukupangie saa ngapi?" Akasema yeye husali akiwa anachambua mchele, tangu ujana wake, na hajawahi kuhitaji kupangiwa na mtu. Hilo nalo linawezekana. Nehemia alimwomba Mungu akiwa amesimama mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu. Sasa akichukua ungo tunamwacha, hata kama redio inataka kuzimwa na yeye ndiye aliye karibu nayo.

Kilichobaki ni usharika. Nyumba tumeipanga, ofisi inaelewa, hata fundi cherehani aliposikia saa yangu alisema vema. Ambako saa hiyo haiheshimiwi hata kidogo ni kanisani. Simu za kamati zinaingia wakati wowote, na ukisema ulikuwa unasali wanakujibu "Amina, sasa mama, kuhusu ile michango." Nikaandika pendekezo, ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri: usharika uchague jioni moja katika wiki isiyokuwa na kikao, mazoezi, maombi ya pamoja wala semina, geti lifungwe, taa zizimwe, na itangazwe Jumapili kwamba jioni hiyo kila mtu abaki kwake na Mungu wake na familia yake. Nikampa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alilisoma taratibu, akalikunja, akasema ni wazo jema sana na linahitaji kujadiliwa kwa mapana. Tumeitwa kikao Jumatatu jioni, baada ya kamati ya ujenzi.